Kasi ya Chokaa Kunasa Gesi ya Ukaa: Modeli na Istilahi Zake

Utangulizi

Wajenzi wa miji ya kale ya pwani, Lamu ikiwemo, walichoma matumbawe kwa kuni wakapata chokaa ya kujengea na kupakia kuta. Mmenyuko uliotendeka katika matanuu yao ndio unaotumiwa leo na wahandisi wanaotaka kuinasa gesi ya ukaa (kabonidioksaidi) kabla haijatoka viwandani. Makala haya yananuia kueleza jinsi kasi ya unasaji huo inavyokadiriwa kwa modeli, na kubainisha kwa nini neno "kasi" pekee halitoshelezi.

Mzunguko wa chokaa

Jiwe la chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, likipashwa joto la takribani nyuzi 900 za Selisiasi huachilia gesi ya ukaa, ikabaki kalsiamu oksaidi. Katika kila gramu 100 za kaboneti, gramu 44 huwa gesi na gramu 56 hubaki kuwa chokaa. Chokaa hiyo ikikutanishwa na moshi wa kiwanda katika nyuzi 650 hivi, huinasa gesi na kurejea kuwa kaboneti. Mnamo 1999, Shimizu na wenzake walipendekeza matanuri mawili yaliyounganishwa: moja la kunasa, jingine la kuachilia.

Hatua mbili za unasaji

Mmenyuko huu ni baina ya gesi na yabisi. Hivyo hutendeka tu pale gesi inapogusa uso wa chokaa, hasa ndani ya vitundu vyake. Katika hatua ya kwanza unasaji huwa wa haraka, nao hutegemea eneo la uso na ukolezi wa gesi. Hata hivyo, zao la mmenyuko hugeuka kizuizi. Moli moja ya kalsiamu oksaidi huchukua takribani sentimita 17 za ujazo, ilhali ya kaboneti huchukua takribani 37. Ganda la kaboneti hutanda juu ya chokaa, na linapofikia unene wa nanomita 50 hivi, gesi hulazimika kulipenya polepole. Athari ya ganda hili ilichunguzwa na Bhatia na Perlmutter mnamo 1983. Modeli inayodhania hatua moja tu, basi, hutabiri unasaji mwingi kuliko ule unaotokea.

Uchovu wa chokaa

Aidha, joto la kila mzunguko huunganisha chembe ndogo na kupunguza uso. Kwa mlinganyo uliotolewa na Grasa na Abanades mnamo 2006, chokaa hunasa takribani asilimia 70 ya uwezo wake kamili katika mzunguko wa kwanza, asilimia 16 katika wa 20 na asilimia 11 katika wa 50. Ndiyo sababu mitambo ya aina hii huhitaji kuongezewa jiwe jipya kila mara.

Hitimisho

Ni bayana kwamba mambo matatu hayana budi kutenganishwa: kasi ya mmenyuko, kasi ya upenyaji na uchovu wa chokaa. Mwandishi au mfasiri akiyaita yote "kasi", msomaji hawezi kujua iwapo dawa ni kuongeza gesi, kupunguza unene wa ganda au kubadilisha jiwe. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Linalohitajika ni kila neno kupewa dhana yake na kubaki nayo.