SOMO LA AFYA: MOYO KWENDA MBIO BAADA YA CHANJO



Tangu chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, kamati za Endabash zimetuuliza sana: je, chanjo inaharibu mapigo ya moyo? Mwanzoni tulijibu kwa mkato kwamba haina madhara. Tulikosea. Kijana aliyesikia moyo ukidunda usiku ule alituona waongo, na ndugu zake wakasita kuleta watoto hata kwenye chanjo ya surua. Kwa hiyo tunalirudia somo.

Chanjo ya kwanza kutolewa nchini ilikuwa ya Janssen. Baadaye zikaja nyingine, zikiwemo Pfizer na Moderna. Hizi mbili ndizo zilizoonekana kuleta, kwa nadra, uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, siku chache baada ya dozi ya pili. Misuli ikivimba, mpangilio wa mapigo huvurugika. Nchini Marekani mwaka 2021 ziliripotiwa kesi kama 40 kwa kila dozi za pili milioni 1 walizopewa wanaume wa miaka 12 hadi 29. Kwa wanawake wa umri huo, kama 4. Wengi walipona. UVIKO wenyewe nao huleta uvimbe huo.

Lakini si kila moyo unaodunda umevimba. Homa baada ya sindano huongeza mapigo, kama 10 kwa dakika kwa kila nyuzi moja ya joto. Hofu nayo huongeza. Wengine huzirai kwa kuogopa sindano, ndiyo maana huambiwa wakae dakika 15 (na wanaoanguka si watoto tu, hata wanaume shupavu). Tena wapo vijana ambao moyo uliathirika zamani kwa mafindofindo yasiyotibiwa, na chanjo ikabebeshwa lawama.

Mjumbe afanye nini? Aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, upande wa dole gumba, ahesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Yakizidi bila homa, au yakirukaruka, au kifua kikiuma, pumzi zikikatika, au mtu akizirai, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akiwa na kadi ya chanjo, ili mganga ajue alichanjwa nini na lini. Mhudumu aripoti tukio, taarifa ifike Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Ikithibitika ni uvimbe, hakuna mpira wala kazi nzito mpaka daktari aruhusu, na dozi nyingine isitolewe bila ushauri wake.

Mgonjwa huyo atahitaji kipimo cha umeme wa moyo, maana yake ni safari ya hospitali na nauli. Tunaziomba kamati zitenge akiba ya nauli kabla ya masika, barabara ikiwa bado inapitika.