Mshipa wa ini ukiziba

SWALI: Daktari, kaka yangu alitapika damu usiku, karibu nusu beseni. Ekografia imeonyesha bandama kubwa na mshipa wa porta umeziba. Je, kweli unaweza kuzibuliwa bila kupasuliwa tumbo? — Mama wa Himbi, Goma

JIBU: Pole sana, mama. Mshipa wa porta hupeleka inini damu inayotoka matumboni na kwenye bandama. Ukizibwa na donge, damu hupita pembeni, kwenye vishipa vyembamba vya umio. Hivyo ndivyo vilivyopasuka.

Ndiyo, unaweza. Daktari hutoboa mshipa wa shingo, hushusha waya hadi ndani ya ini akitazama picha za eksirei, kisha huweka stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, kuiunganisha porta na mshipa unaorudisha damu moyoni. Porta ikiwa imeziba kabisa, waya mwingine huingizwa kupitia bandama na kulipenya donge kutoka upande wa pili. Stenti ya namna hii iliwekwa mara ya kwanza Freiburg, Ujerumani, mwaka 1988. Lakini damu isiyochujwa na ini hufika ubongoni, na wengine huchanganyikiwa.

Kwa hiyo nisingeanzia hapo. Kwanza fibroskopia, yaani kamera inayoingizwa kupitia mdomoni, vishipa vifungwe kwa vipira, na dawa ya propranololi kama hana pumu. Je, aliwahi kuvua Ziwa Albert? Kichocho cha huko pia huziba vishipa vya ini na kukuza bandama, basi apimwe. Akitapika damu tena, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali usiku huohuo.