Usisafishe Mkanda Leo: Somo la Garry Winogrand kwa Mwenye Simu

Tuseme ukweli: picha nyingi tunazopiga hapa chuoni hazimalizi hata dakika tano bila kuhukumiwa. Unapiga, unaitazama palepale, unaifuta au unairusha kwenye stetasi. Watu wakishangilia, basi ni kali. Wakinyamaza, mbovu. Hukumu imeshatoka na macho yenyewe bado hayajatulia.

Kuna jamaa mmoja wa New York, Garry Winogrand, aliyefanya kinyume kabisa, na akawafundisha wanachuo wenzetu wa zama zake kufanya hivyo. Kama una simu mfukoni na hamu ya kupiga picha za mtaani, ila hujui uanzie wapi, anza na huyu.

Ni nani huyo?

Winogrand alizaliwa mwaka 1928 katika eneo la Bronx, jijini New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wahamiaji kutoka Ulaya. Mwaka 1948 alikuwa anasoma uchoraji pale Columbia, rafiki akamwonyesha chumba cha giza cha chuo, mahali pa kusafishia picha, ambacho kilikuwa wazi usiku na mchana. Uchoraji ukaishia hapo. Kwa miaka mingi alipigia picha magazeti na matangazo ili apate mkate, lakini moyo wake ulikuwa barabarani.

Mwaka 1967 jumba la makumbusho la Museum of Modern Art lilitundika picha zake pamoja na za Diane Arbus na Lee Friedlander, katika maonyesho yaliyoitwa New Documents. Mara tatu alipewa ruzuku ya Guggenheim: 1964, 1969 na 1978. Na kati ya 1973 na 1978 alikuwa mwalimu University of Texas, mjini Austin. Huko ndiko wanafunzi wake walikosikia somo tunalolitafuta.

Somo la kwanza: picha si tukio

Winogrand alikuwa akisema kwamba anapiga picha ili aone vitu vitaonekanaje vikishapigwa picha. Inasikika kama utani, lakini ifikirie. Ukiwa barabarani una sauti, harufu, joto, na kitu kinachotokea nyuma yako. Picha haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina kingo nne tu, na kilichomo ndani ya kingo hizo ndicho kilichobaki duniani.

Chukua picha yake maarufu ya Los Angeles ya mwaka 1969. Wasichana watatu wamependeza, wanatembea kwenye njia ya waenda kwa miguu, jua limewapiga na vivuli vimerefuka. Upande wa kushoto, gizani, kuna mtu amejikunja kwenye kiti cha magurudumu. Upande wa kulia kuna mtoto amekaa kwenye benchi, anatazama. Ungekuwa umesimama pale, huenda ungeona wasichana wanapita, basi. Fremu ndiyo iliyowaweka pamoja wale wanaong'aa, yule aliye gizani, na mtoto anayejifunza kutazama. Winogrand hakumpanga mtu yeyote. Alichagua mahali pa kusimama na sekunde ya kubonyeza.

Somo la pili: jiandae kabla, kisha sogea

Alitumia kamera ndogo ya Leica na mara nyingi lenzi pana ya milimita 28. Lenzi pana haina huruma kwa mwoga: ukisimama mbali, watu wanakuwa kama sisimizi. Lazima usogee. Mwanga na umbali alishavipima mapema, kwa hiyo jambo lilipotokea hakuhangaika na vitufe. Walioenda naye mtaani walieleza kwamba alitembea taratibu, akitabasamu na kuwaitikia watu kwa kichwa, huku kamera ikipanda na kushuka haraka mno.

Wapo waliodhani anapiga kiholela bila kuchungulia kwenye kamera, kwa sababu picha zake nyingi zimeinama upande. Alilikataa hilo. Alichungulia kila mara. Kama upeo wa macho umeinama, ni kwa sababu alichagua kitu kingine kisimame wima, labda nguzo au mtu aliye pembeni, na vingine vyote vikakifuata. Kwa hiyo ukiona picha iliyoinama, usikimbilie kusema kosa. Uliza: ni nini humu ndani kimenyooka?

Somo la tatu: subiri

Hapa ndipo penyewe. Winogrand aliwaambia wanafunzi wake wasisafishe mkanda mara tu baada ya kupiga. Yeye mwenyewe aliuacha mwaka mzima, hata miwili, mpaka asahau siku ile ilikuwaje. Sababu yake ni rahisi na ni nzito: mpiga picha hudhani furaha aliyokuwa nayo wakati anapiga ndiyo uzuri wa picha. Ulikuwa na siku njema, ulikuwa na mtu unayempenda, ulikimbizwa na mvua ukacheka. Ukiitazama picha jioni ileile, unaona siku yako, huioni picha. Mtu mwingine, ambaye hakuwepo, anaona kivuli na kisogo.

Na inakwenda upande wa pili pia. Siku umechoka, una njaa, boom halijatoka, utafuta picha nzuri kwa sababu tu ulikuwa na hasira. Sisi wa simu tuna hatari hiyo zaidi kuliko yeye. Mkanda ulimlazimisha mtu asubiri japo kidogo. Kioo cha simu kinatualika kuhukumu kabla mkono haujashuka.

Lakini usisubiri milele

Mwalimu huyu alifariki Machi 1984, akiwa na miaka 56. Aliacha mikanda kama 2,500 ambayo haijasafishwa kabisa, na mingine kama 6,500 iliyosafishwa lakini haijachapishwa hata picha ndogo za kuangalia. Mkanda mmoja una picha 36. Piga hesabu ya ile 2,500 peke yake: picha 90,000 ambazo mpigaji wake hakuziona. Watu wengine ndio waliozisafisha na kuchagua kwa niaba yake, na mpaka leo wanaopenda kazi yake wanabishana: picha ambayo msanii hakuichagua ni yake kweli?

Kwa hiyo somo lina nusu mbili. Kusubiri ni kuzuri iwapo kuna siku ya kurudi. Bila siku hiyo, ni deni.

Na aliyemo kwenye picha je?

Mwaka 1975 Winogrand alitoa kitabu, Women Are Beautiful, cha picha za wanawake mitaani na kwenye sherehe. Kilipingwa sana. Waliokipinga waliuliza swali ambalo bado lipo: wanawake hawa walikubali kutazamwa hivi? Kuna picha mle zenye heshima na uhai, na kuna nyingine ambazo binti akiiona yake leo hatafurahi.

Huko kwao, kwa kawaida, sheria humruhusu mtu kupiga picha hadharani. Lakini enzi zake picha ilikaa sandukuni, tena kwa miaka. Yako inaweza kufika kwa baba yake dada huyo kabla hajafika hosteli. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Ila hata pasipo sheria, mama ntilie anayefuta jasho si mapambo ya ukurasa wako. Msalimie. Akikataa, shusha simu. Na hapa kusubiri kunakusaidia tena: baada ya mwezi, ukiwa huna tena mzuka wa kuirusha, utaona wazi kama picha inamheshimu au inamcheka.

Zoezi la semesta

1. Chagua sehemu moja tu: stendi ya daladala, geti la chuo, soko la jirani, au vimbweta saa za jioni. Nenda mara mbili kwa wiki, nusu saa tu.

2. Usivute picha kwa vidole. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, tembea.

3. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kingo zote nne. Kuna nini pembeni ambacho hukukiona?

4. Ukirudi, zihamishie kwenye faili lenye tarehe. Usizifungue kwa siku 30. Andika kwenye kalenda siku ya kuzifungua, na uiheshimu kama tarehe ya mtihani.

5. Siku hiyo, kaa na rafiki ambaye hakuwepo. Usimsimulie lolote. Mwulize anaona nini. Ukijikuta unasema "ilibidi uwepo", weka picha hiyo pembeni.

6. Katika kila mia, bakiza tano. Kwa kila moja jiulize kama ungeweza kumpelekea aliyemo na kumwonyesha uso kwa uso.

Ukianza wiki ya kwanza ya semesta, za kwanza utazifungua wiki ya tano, kabla mbio za mitihani hazijaanza. Baadhi ya zile ulizodhani ni moto zitakuwa za kawaida sana. Na kutakuwa na moja au mbili ambazo hukumbuki hata ulizipiga saa ngapi, lakini huwezi kuacha kuzitazama. Anza na hizo.