Pombe Nyeupe ya Hoegaarden

Katika nchi ya Ubelgiji kuna mji mdogo uitwao Hoegaarden. Tangu zamani watu wa huko walipika pombe ya ngano. Pombe hiyo ni nyeupe kidogo, kama maji yaliyooshea mchele.

Baadaye bia ya rangi ya dhahabu ilienea. Watu wakaiacha pombe yao. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja, na mwaka 1957 kikafungwa cha mwisho.

Jirani na kiwanda hicho alikulia Pierre Celis, muuza maziwa. Alipokuwa kijana alisaidia kazi humo. Kwa hiyo wenzake walipoikumbuka ladha, yeye alikumbuka upishi: kimea cha shayiri, ngano isiyooteshwa, mbegu za giligilani na maganda makavu ya machungwa. Vitu hivyo havikuwa vigumu kupata. Kigumu kilikuwa kumpata mtu anayeijua kazi.

Mwaka 1966 alianza kuiuza. Hakuifananisha na bia nyingine, na kwa sababu hiyo ilipata wanunuzi hata mbali.

Mwaka 1985 kiwanda chake kiliungua. Bima haikutosha. Akapokea fedha za kampuni kubwa, na mwishowe kampuni ikawa ndiyo mwenye mali. Celis alihamia Marekani, akaanza upya mjini Austin. Pombe ya Hoegaarden inauzwa hadi leo, lakini si kwa faida yake.

Mazungumzo

1. Ni pombe gani ya kijiji chenu inayojulikana na wazee tu?
2. Nani anajua vipimo vyake? Vimeandikwa wapi?