Damião de Góis, Mwandishi wa Mfalme

Leo twasoma habari za Mkristo mmoja mwenye elimu nyingi, Damião de Góis. Alizaliwa mwaka 1502 katika mji wa Alenquer, nchi ya Ureno. Alipokuwa mtoto wa miaka 9 alitiwa katika utumishi wa nyumba ya Mfalme Manuel. Baadaye alitumwa Antwerp kuangalia biashara ya mfalme, akasafiri nchi nyingi, akakaa miezi kadhaa nyumbani mwa Erasmus, mwalimu mkuu wa zamani zile.

Mwaka 1533 alirudi Lisbon kwa muda, akamkuta huko padri Mwafrika, jina lake Zaga Zabo, mjumbe wa mfalme wa Uhabeshi, ndiyo nchi iitwayo leo Ethiopia. Padri huyo alikuwa amefika tangu 1527. Wahabeshi walikuwa Wakristo kabla Wareno hawajawa na mfalme hata mmoja. Lakini walishika desturi zilizowashangaza Wareno: waliheshimu Jumamosi pamoja na Dominika, tena walitahiri watoto wao. Basi wenye elimu wa Lisbon walimhoji, wakabishana naye, wakamnyima Komunyo Takatifu. Mgeni aliyeletwa na undugu alisimama kanisani kama mtu aliyetengwa.

Damião alifanya nini? Hakuandika yeye ya kuwa Wahabeshi husadiki hivi na hivi. Alimwomba Zaga Zabo aieleze mwenyewe imani ya watu wake. (Mimi nifundishaye watoto najua jinsi ilivyo rahisi kumjibia mtu kabla hajamaliza kusema.) Padri aliandika, wala hakuficha uchungu wake: hakutumwa kuja kubishana, bali kufanya urafiki. Damião aliyageuza maneno hayo kwa Kilatini, akayapiga chapa Louvain, Ubelgiji, mwaka 1540. Mwaka uliofuata Kardinali Henrique, mkuu wa baraza la kuchunguza imani, alikataza kitabu hicho kisiuzwe Ureno.

Ajabu ni hii: mwaka 1558 Kardinali yule yule alimwagiza Damião kuandika habari za utawala wa Manuel, aliyekuwa baba yake Kardinali. Kitabu kilitoka mwaka 1566 na 1567. Humo Damião alisimulia hata aibu ya Lisbon ya mwaka 1506, watu wa ukoo wa Kiyahudi waliobatizwa kwa nguvu walipouawa, zaidi ya 1,900, huku watawa wawili wakiwachochea wauaji.

Mwaka 1571 mzee huyu alikamatwa. Aliulizwa juu ya kuonana na Luther miaka 40 iliyopita, hata juu ya nyama aliyokula siku iliyokatazwa. Alikiri ya kuwa katika ujana alikuwa na mashaka, akasema aliyaacha zamani. Mwaka 1572 alihukumiwa kifungo cha toba, akapelekwa katika monasteri ya Batalha. Alikufa Alenquer, mwezi wa Januari 1574.

Maulizo: Zaga Zabo alinyimwa kitu gani Lisbon? Kwa nini Damião alimpa yeye kalamu?