Kubeti Juu ya Mieleka ya Kuigiza: Je, Ni Haki?



Wapendwa mafrateri na waamini, somo letu linahusu amri ya saba. Tutaitazama kupitia jambo linaloweza kuchekesha mwanzoni, lakini lina mafundisho mengi ndani yake.

1. Jambo lenyewe

Mwezi Machi 2023 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya maonyesho, ilikuwa ikizungumza na wasimamizi wa michezo ya kubahatisha katika majimbo ya Colorado na Michigan. Ilitaka watu waruhusiwe kisheria kubeti juu ya mapambano yake makubwa. Wengi wetu tumeitazama mieleka hiyo kwenye televisheni, na tunajua kwamba mshindi wake huamuliwa na waandishi kabla ya wanamieleka kupanda ulingoni. Kampuni yenyewe haifichi. Mwaka 1989, ilipokuwa bado inaitwa WWF, iliwaeleza maseneta wa New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si mashindano halisi, ili iondolewe usimamizi na kodi za michezo.

Ili dau liwezekane, ilipendekezwa matokeo yatunzwe kwa siri na Ernst & Young, kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Wasimamizi wa Colorado walijibu kwamba hawalifikirii jambo hilo, kwa kuwa sheria yao inakataza dau juu ya tukio ambalo matokeo yake yamekwisha kupangwa. Je, dhamiri ya Kikristo inasemaje?

2. Igizo si uongo, na kura si dhambi

Tuanze kwa kutenda haki. Kuigiza pambano si kosa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kazi ya waigizaji si haramu yenyewe. Vijana wetu wanapoigiza Mateso ya Bwana, hakuna anayemshtaki aliyechukua nafasi ya Pilato.

Vilevile kura si dhambi yenyewe. Mitume walipiga kura, nayo ikamwangukia Mathiya (Mdo 1:26). Katekisimu (KKK 2413) inafundisha kwamba dau lenyewe halipingani na haki. Linakuwa baya linapomnyima mtu mahitaji yake au ya wale wanaomtegemea, na tamaa yake inaweza kumfanya mtu mtumwa. Dau lisilo la haki na udanganyifu mchezoni ni jambo zito, isipokuwa hasara iwe ndogo mno.

3. Dau la haki lina masharti gani?

Wanateolojia wa maadili huyataja hasa manne:

a) Fedha iwe ya mchezaji mwenyewe, na awe huru kuitumia.
b) Aingie kwa hiari na kwa kuelewa.
c) Pasiwe na udanganyifu.
d) Pande zote mbili ziwe hazijui matokeo kwa kiasi kinachokaribiana.

Sharti la nne ndilo linalovunjika hapa. Katika mpira, hata kocha hajui dakika ya tisini italeta nini. Katika mieleka ya kuigiza, aliyeandika anajua, na mwanamieleka na mwamuzi lazima waambiwe kabla ya kengele. Hapo mtu habahatishi juu ya nguvu wala ustadi. Anaweka fedha yake juu ya siri iliyo mdomoni mwa mtu mwingine.

Basi mzigo unawaangukia wenye siri. Neno moja kwa shemeji au rafiki linaweza kuleta fedha nyingi. Sisi tunaoomba kila siku tusitiwe katika kishawishi, tunawezaje kuuita halali mpango unaowawekea wafanyakazi kishawishi hicho kila wiki?

4. Hoja ya tuzo za Oscar

Wengine husema: baadhi ya majimbo ya Marekani huruhusu kubeti juu ya tuzo za Oscar, na huko pia matokeo hujulikana kabla ya bahasha kufunguliwa. Hoja hii ina uzito. Lakini kura za Oscar hupigwa na maelfu ya watu, na wahesabuji huhesabu tu. Katika mieleka, mwenye kalamu ndiye mwenye onyesho. Anaweza kuona watu wameweka wapi fedha zao, kisha akabadilisha mshindi. Ni kama muuza nyama anayeruhusiwa kuchonga mawe ya mizani yake mwenyewe (taz. Law 19:35-36).

5. Kwetu sisi

Tomaso anataja mapato ya mchezo yanayopaswa kurudishwa: yaliyopatikana kwa wasio na uwezo wa kutoa mali yao, kama watoto, kwa kumvuta mwenzako acheze kwa tamaa ya fedha yake, na kwa udanganyifu. Kwa hiyo anayebeti huku akijua matokeo hatoshelezi kwa kuungama tu. Anapaswa kurudisha.

Kwa mafrateri, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 (kanuni 138) iliwakataza makleri michezo ya bahati ya fedha. Ya sasa (kanuni 285) inawataka waepuke yote yasiyofaa hali yao. Kwa wazazi, kabla ya kumkemea kijana kwa mkeka wake, mketi naye na mmwulize: fedha hii ni ya nani, na upande wa pili nani anajua usichokijua?

Maswali ya Jumuiya

1. Je, kila kinachoruhusiwa na sheria ya nchi ni haki mbele ya Mungu?
2. Ni fedha zipi nyumbani mwetu ambazo hatuko huru kuziwekea dau?
3. Tutamsaidiaje ndugu aliyekwisha kuwa mtumwa wa kubeti bila kumwaibisha?