Mgongo ukiuma, uliza tiba imepimwa vipi

JE, mgongo umewahi kukushika ghafla hata ukashindwa kuinama kufunga kamba za viatu? Ikiwa ndivyo, hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 619 kote ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka wa 2020.

Washauri nao hawakosekani. Jirani atakwambia ulale kitandani mpaka upone. Kwingine utatakiwa kulipia vikao kadha vya mashine ya umeme. Kabla ya kutoa pesa zako, ni vyema ufahamu jinsi tiba hizi zinavyopimwa.

Jambo la kwanza ni hili: mara nyingi maumivu ya mgongo hupungua yenyewe. Mtu humwendea mtaalamu siku yanapomzidi, na baada ya hapo hupata nafuu, ametibiwa au hakutibiwa. Lolote alilofanyiwa wakati huo ndilo litakalosifiwa. Ndiyo maana watafiti huwagawa wagonjwa katika makundi kwa njia ya kura, wakalipa kila kundi tiba yake, kisha wakalinganisha matokeo.

Kulala kitandani

Utafiti wa aina hiyo ulifanyiwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, nchini Ufini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 1995. Wagonjwa 186 waliopatwa na maumivu makali ya mgongo waligawanywa mara tatu. Kundi la kwanza liliambiwa lilale kitandani siku mbili. La pili lilifundishwa mazoezi ya kunyoosha mgongo. La tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yalivyoruhusu.

Baada ya majuma matatu, na tena baada ya majuma 12, kundi la tatu ndilo lililokuwa na hali nzuri zaidi. Waliolala ndio waliochelewa kupona.

Mashine ya umeme

Je, maumivu ya muda mrefu? Huko Marekani, Dkt Richard Deyo na wenzake walichunguza mashine ndogo iitwayo TENS, ambayo hupitisha umeme hafifu kwenye ngozi kupitia vibandiko. Wagonjwa 145 walishiriki. Baadhi walipewa mashine halisi na wengine mashine zilizofanana nazo lakini zisizotoa umeme wowote. Nusu ya kila upande walifundishwa pia mazoezi.

Matokeo yalitolewa mwaka wa 1990. Waliotumia mashine halisi walipata nafuu ya asilimia 47, na waliotumia zile za bandia asilimia 42. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuhesabiwa kuwa kazi ya umeme. Bila kundi la mashine za bandia, nafuu yote hiyo ingesemwa imeletwa na mashine.

Waliofanya mazoezi walipata nafuu zaidi baada ya mwezi mmoja. Hata hivyo, miezi miwili baadaye wengi wao walikuwa wameacha mazoezi, na nafuu ile ikatoweka.

Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya mgongo yanayozidi miezi mitatu, WHO ilipendekeza mafunzo kwa mgonjwa na mazoezi ya viungo, na ikashauri TENS isitumiwe kama tiba ya kawaida.

Ufanye nini?

1. Maumivu yakianza, usijifungie kitandani. Tembea na ufanye kazi nyepesi kadiri uwezavyo.

2. Yakizidi miezi mitatu, mwone mtaalamu wa tiba ya viungo akufundishe mazoezi yanayokufaa. Chagua yale utakayoweza kuyaendeleza nyumbani, kwani faida yake hudumu ukiyadumisha.

3. Ukiambiwa ulipie mashine, uliza: Je, imelinganishwa na mashine ya bandia? Nafuu ilidumu kwa muda gani? Kumbuka kwamba ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona hautoshi.

Hatari

Ushauri huu haumhusu kila mtu. Nenda hospitalini mara moja ikiwa maumivu ya mgongo yanaandamana na kushindwa kuzuia mkojo au choo, kushindwa kukojoa, ganzi sehemu za siri au miguu kukosa nguvu. Fanya vivyo hivyo ikiwa yalianza baada ya ajali au kuanguka, au ikiwa una homa. Na ikiwa unakonda bila sababu au umewahi kuugua saratani, usikawie kumwona daktari. Dalili hizo huenda zikawa za ugonjwa mwingine ambao mazoezi hayawezi kuutibu.